Sambaza wa Jioni



Napenda sambaza kupita kiasi. Wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, wakikaangwa hadi wakauke na kutiwa chumvi na pilipili, hunishinda nguvu. Kwa muda mrefu, kila jioni nilipotoka kazini hapa Bukavu, nilisimama kwa mama muuzaji kando ya barabara, nikala sambaza na kunywa soda baridi. Zilinitoka franka 3.000. Kwa siku sita za kazi ni franka 18.000, kwa wiki nne, 72.000. Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya.

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa katika darasa la sita la sekondari. Nilimwahidi mama kwamba gharama ya mtihani wa taifa ingekuwa juu yangu. Nikajiwekea amri kali: hakuna sambaza, hakuna soda, hata chai ya maziwa ya asubuhi hakuna. Wenzangu waliponikaribisha nilikataa kwa majivuno, hata wakaacha kuniita. Wiki tano nilishinda.

Jumamosi ya wiki ya sita, harufu ya mafuta ilinishika njiani. Nilikula sahani tatu peke yangu, nikiwapa mgongo wapita njia. Kesho yake nilijisemea kwamba amri imekwisha kuvunjika, basi nikaendelea. Siku kumi zilitosha kuitoboa akiba yote.

Jumatano moja nilirudi nyumbani, mafuta yangali midomoni, nikamkuta mdogo wangu ameketi mlangoni na sare yake. Alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa kuwa malipo hayakutimia. Hakuniuliza neno. Alinusa tu, akainamisha kichwa.

Mama alikwenda kukopa kwa jirani. Aliporudi aliniambia: « Mwanangu, tumbo lako ulilifunga kama mbuzi. Kamba ilipokatika, likala shamba zima. Ulipe sehemu yake, lakini lile mbele ya watu. »

Tangu siku hiyo, siku ya mshahara, akiba huwekwa kwanza mikononi mwa mama, kabla sijapita barabara ile. Na kila Jumamosi tunanunua sambaza wabichi sokoni kwa bei ya jioni zangu mbili, tunawakaanga nyumbani, na sote sita tunakula kwa bugali. Mdogo wangu ndiye anayepakua. Deni la jirani lilikwisha baada ya miezi miwili, naye mtihani aliufanya.

Kanisa huhesabu kiasi kati ya fadhila nne kuu. Mimi nilidhani maana yake ni kujinyima kila kitu. Sasa naelewa kwamba ni kupima, na kilichopimwa hakihitaji kufichwa.

Nawe, ndugu yangu, kile unachokipenda unakila ukiwa umewapa nani mgongo?