Hisa za Wanachama na Herufi Mbili za Mwanzo

Kila programu ya Windows inayoendeshwa leo katika ofisi zetu, iwe ya kupanga mishahara au ya kuandika barua, huanza na herufi mbili: M na Z. Hizo ni herufi za mwanzo za jina la Mark Zbikowski, mmoja wa wahandisi waliounda MS-DOS pale Microsoft mwanzoni mwa miaka ya 1980. Windows imejengwa upya mara kadhaa tangu wakati huo, lakini sahihi ya mtu huyo haijaondolewa. Ofisa anayebofya programu yake kila asubuhi hupita juu ya jina la mtu asiyemjua, na wala hana haja ya kumjua.

Ndugu msomaji, usiniache hapa kwa kudhani kwamba haya ni mambo ya mafundi. Mimi mwenyewe si mhandisi. Nafundisha masuala ya utawala, ingawa mwaka wa kwanza chuoni nililazimishwa kusoma lugha ya Pascal na sikuisahau. Nimeingia katika jambo hili kwa sababu ya wazee wa chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Singida, ambacho sitakitaja. Wengi wao ni wakulima wa alizeti na vitunguu. Hisa zao za tangu miaka ya 1990 ziliandikwa katika programu ya DOS iliyotengenezwa na kijana mmoja kwa malipo ya mara moja. Chama kiliponunua kompyuta mpya, programu ile ilikataa kufunguka, kwa kuwa Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Uongozi ukatangaza kwamba asiye na kitabu chake cha mwanachama hatatambuliwa hisa za zamani, kwani "mfumo haufungui". Mama mmoja aliyepoteza kitabu chake nyumba ilipoungua aliniuliza, "Mwanangu, hivi mashine inaweza kula fedha ya mtu?" Nilimjibu kwamba haiwezi, nikaomba kibali cha bodi ili nikaangalie.

Faili endeshi ya DOS si fumbo. Aina nyepesi kabisa, ile yenye jina linaloishia na COM, haina utangulizi wowote: mfumo huipakia kama ilivyo katika kumbukumbu na kuanza kutekeleza baiti ya kwanza, nayo hubanwa ndani ya kipande kimoja cha baiti 65,536. Aina ya pili, EXE, ndiyo yenye muhuri wa MZ. Baada ya muhuri hufuata namba chache, na utangulizi huo wa lazima una baiti 28 tu. Katika faili ya chama nilisoma 4D 5A 60 00 D3 00. Mbili za kwanza ni M na Z. Zinazofuata zinasema kwamba ukurasa wa mwisho una baiti 96, na kwamba kurasa zote ni 211. Kila ukurasa una baiti 512, kwa hiyo kurasa 210 kamili na baiti 96 za ziada ni baiti 107,616. Mizania ile ilikuwa sawasawa na ukubwa wa faili kwenye disketi. Kwa hiyo programu ilikuwa nzima, haikukatika wala kuoza, na hoja kwamba "imeharibika" ikafa siku hiyo.

Sehemu inayonivutia zaidi katika utangulizi huo ni jedwali la kurekebisha anuani. Aliyeandika programu hajui itapakiwa wapi katika kumbukumbu, kwa hiyo huorodhesha kila mahali penye anuani itakayohitaji kusahihishwa. Mfumo ukishachagua mahali, hupita katika orodha na kuongeza namba ya makazi mapya kwenye kila anuani, ndipo programu ianze kazi. Wanyaturu na Wanyiramba waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji wangeitamani orodha ya namna hiyo, kwani wengi walihamishwa na anuani zao hazikurekebishwa na mtu. (Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuchoshwa na gharama za ile iliyokuwa Wizara ya Fedha. Marufuku ilipolegezwa, kompyuta ndogo ziliingia kiholela, na programu zikaandikwa na yeyote aliyejua, bila mkataba unaoeleweka.)

Njia rahisi ilikuwa kutumia DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Programu ya chama ilifunguka humo kwa sekunde moja, ikadai neno la siri. Mhasibu aliyelijua alikwisha kufariki, na mtengenezaji hapatikani. Ilibidi niiache programu na kuigeukia faili ya data.

Tangazo la hakimiliki la Borland lililokuwa ndani ya EXE lilinionyesha kwamba programu iliandikwa kwa Turbo Pascal. Lugha hiyo huandika urefu wa jina katika baiti ya kwanza, kisha herufi zenyewe. Namba zenye desimali huzihifadhi kwa baiti sita, mpangilio wake peke yake, usiosomwa na programu za majedwali tunazotumia leo. Baiti ya kwanza ndiyo kipeo cha mbili, kikiwa kimeongezwa 129. Alama ya hasi au chanya ipo kwenye biti ya juu kabisa ya baiti ya mwisho. Chini ya jina la yule mama palikuwa na 8D 00 00 00 40 1C. Ukikokotoa kwa kufuata kanuni hiyo, unapata shilingi 5,000 kamili, mchango wake wa kwanza. Michango mingine ilifuata, mstari baada ya mstari.

Orodha yote nimeikabidhi kwa bodi, imechapwa. Hata hivyo, sioni kwa nini haki ya mkulima itegemee bahati kwamba mhadhiri fulani alisoma Pascal. Tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 kwa ofisi za umma, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kwa vyama kama hiki. Watumishi wenzangu mnaoandaa zabuni, andikeni katika mkataba kwamba mtengenezaji atakabidhi msimbo chanzo, na pia maelezo ya karatasi mbili tu: kila rekodi ina baiti ngapi, na kila baiti ina maana gani. Karatasi hizo mbili zingewaokolea wazee hawa miezi saba ya kwenda na kurudi.

Limebaki jambo moja lisilonipa usingizi. Turbo Pascal inapoandika jina fupi mahali palipokuwa na jina refu, haifuti herufi zilizobaki nyuma. Katika rekodi tatu, baada ya jina la mwanachama wa sasa, niliona mikia ya majina mengine, na mikia hiyo inalingana na majina ya wanawake watatu ambao uongozi unasema hawakuwahi kusajiliwa. Hilo halithibitishi wizi: mkia unaweza kubaki kwa sababu tu jina refu lilichapwa kabla ya jina fupi katika kikao kilekile. Lakini linathibitisha kwamba majina hayo yaliwahi kuchapwa katika mashine ya chama. Leja za karatasi za miaka hiyo zipo, katika sanduku la bati ofisini, na kufuli lake lina funguo mbili. Mmoja anao katibu. Bodi imeombwa kwa barua iseme wa pili uko kwa nani.