Vijana Wetu na Kuomba Kazi kwa Mtandao



Mwaka 1978, tulipokuwa na umri wa miaka 20, tuliandika barua ya kuomba kazi kwa kalamu ya wino. Tukaikunja vizuri, tukavaa kanzu iliyopigwa pasi, tukaipeleka wenyewe kwa miguu hata ofisini mjini Tanga. Karani mkuu akatutazama toka kichwani hata miguuni, akatuuliza sisi ni watoto wa nani na twakaa mtaa gani, kisha akatutaka tumsomee kwa sauti habari fupi iliyokuwa mezani pake. Kabla hajaifungua bahasha yetu alikwisha kuyajua nusu ya mambo aliyotaka kuyajua. Juma la pili tukaanza kazi.

Twaikumbuka siku ile kwa sababu ndiyo iliyotufanya tumkosee mtoto wetu. Tulidhani kwamba mlango tulioingilia sisi ungaliko wazi vile vile, na kwamba aliye nje amekaa nje kwa uvivu wake.

Mtoto huyo ni binti wa marehemu ndugu yetu, naye tumemlea nyumbani tangu akiwa mdogo. Alisoma uhasibu, akapata shahada yake, akarudi nyumbani kungojea kazi. Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Kila tulipomtazama tulimwona ameinamia simu, nasi tukawa twaguna. Jioni moja, barazani, mbele ya wageni, tulisema kwa sauti kwamba vijana wa leo kazi yao ni kuchezea simu. Binti alikuwa nyuma ya pazia na birika la kahawa mkononi. Alisikia, wala hakujibu neno. Usiku ule, baada ya Isha, alitujia na ile simu, akasema: "Ami, nakuomba utazame mwenyewe."

Tulitazama. Lahaula! Katika miaka ile miwili alikuwa amepeleka maombi 43, na sisi tulikuwa hatuna habari hata ya moja. Tuliona haya, tukamtaka radhi. Kisha tukaketi naye kuyasoma maombi yale moja moja, kwani tulikuwa karani miaka mingi na macho yetu yamezoea kutafuta kosa katika karatasi. Tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya, maana twaamini kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu wamo vijana wenye elimu na bidii ambao maombi yao huanguka njiani kwa mambo madogo yasiyosemwa na mtu.

La kwanza, barua zote 43 zilikuwa ni barua moja. Aliiandika siku moja akaipeleka kila mahali, akibadilisha jina la mwajiri tu, na mara nyingine hata hilo alilisahau. Shule moja ilipelekewa barua iliyosema kwamba mwandishi anatamani sana kufanya kazi katika benki yao. Mwenye kupokea maombi mia tatu kwa kazi moja, akiona hivyo, ataendelea kusoma kwa sababu gani?

La pili, namba ya simu iliyoandikwa katika wasifu wake ilikuwa ya laini iliyopotea zamani. Na anwani yake ya barua pepe ilikuwa ile aliyojitungia akiwa kidato cha pili, yenye jina la mzaha ambalo hatuwezi kulichapa hapa. Tulipomwambia afungue sanduku la barua taka, yaani mahali ambapo kompyuta hutupa barua inazozishuku, tulikuta humo mwaliko wa usaili. Tarehe yake ilikuwa imepita kwa miezi mitano. Binti alilia, nasi hatukuwa na la kumwambia.

La tatu, jina. Katika cheti cha kuzaliwa jina la babu yake limeandikwa Muhammad, katika cheti cha kidato cha nne ni Mohamed, na katika kitambulisho cha taifa ni Mohammed. Sisi Waislamu tunajua kwamba jina ni lile lile, lakini kompyuta haijui hivyo, nayo huona watu watatu. Jambo hili lataka kutengenezwa mapema, ama kwa kusahihisha kumbukumbu panapowezekana, ama kwa hati ya kisheria inayothibitisha majina, iliyoandikwa kwa wakili. Wazazi wenye watoto wadogo na walifahamu hili tangu leo: herufi moja mnayoiacha ipotee siku ya kuandikisha mtoto shule itamgharimu miaka ishirini baadaye.

Basi tukaanza kazi ya kutengeneza. Na hapo, badala ya kumsaidia, tukamkosea mara ya pili, na kosa hili lilikuwa kubwa kuliko lile la barazani.

Tangazo moja lilitaka mtu mwenye uzoefu wa kazi ya hesabu. Tukamwambia binti: "Andika kwamba umeshika hesabu za duka la jamaa yetu miaka mitatu. Duka lipo, na mwenye duka ni wetu. Akiulizwa atasema ndiyo." Tulilisema kwa wepesi, kama mtu aombaye chumvi. Binti akanyamaza kitambo, kisha akajibu kwa adabu: "Ami, mwisho wa fomu pana tamko. Mwenye kuomba akiri kwamba yote aliyoyaandika ni kweli. Tamko hilo litakuwa langu, wala halitakuwa la duka."

Ndugu wasomaji, mtoto huyu ni sisi tuliomfundisha Juzuu Amma, na ni sisi tuliomwambia utotoni kwamba mwongo hata akisema kweli hasadikiwi. Tuliinamisha uso. Tulikuwa tunamtaka aingie katika riziki kwa mlango wa uongo, kisha kila mwezi atuletee nyumbani chumo lake nasi tulile tukisema alhamdulillahi.

Tulipokwisha kutubu, tulimwuliza swali ambalo lilitupasa kumwuliza kwanza: "Haya, tuambie ni kazi gani za hesabu ulizozifanya kweli, hata kama hukulipwa." Akasema hakuna. Tukamwambia afikiri. Akasema kidogo kidogo, kama mtu atoaye vitu sandukuni. Kumbe ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikoba cha wanawake 28 wa mtaa wetu kwa miaka miwili. Ndiye aliyeandika hisa zao, mikopo yao na marejesho yao, katika daftari na katika kompyuta, na mwisho wa kila mwaka akawagawia fedha zao pasipo kuzuka ugomvi. Kumbe michango ya kuezekea madrasa ilipita mikononi mwake, na risiti zote anazo. Kumbe alipokuwa chuoni alifanya mafunzo ya kazi kwa majuma manane katika ofisi moja ya hesabu. Haya yote hakuyaandika popote, kwa kuwa alidhani kwamba kazi isiyo na mshahara si kazi.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo tunalotaka wasomaji wetu walishike kuliko yote. Kijana anayeona wasifu wake ni mtupu hujaribiwa kuujaza kwa uongo, na hali aghalabu amekwisha kuyafanya mengi ya kweli ambayo ameyadharau. Na aketi na mtu mzima anayemjua, ayakumbuke, kisha ayaandike kama yalivyo. Kazi ya kujitolea na aiite kazi ya kujitolea. Aseme ni wapi, tangu lini hata lini, na aeleze alichofanya kwa hesabu. Maneno kama "mimi ni mchapakazi na mwaminifu" kila mtu huyaandika. Lakini "nilishika hesabu za wanachama 28 kwa miaka miwili" ni maneno ambayo mtu aweza kuyathibitisha.

Sasa twaeleza kwa ufupi utaratibu tulioufuata baada ya hapo.

Kila tangazo tulilisoma mara mbili, kalamu mkononi, tukipiga mstari chini ya kila sharti. Binti akikosa sharti la lazima, tuliliacha tangazo hilo, kwani kupeleka maombi mahali usipostahiki ni kujichosha bure. Akistahiki, aliandika barua mpya isiyozidi ukurasa mmoja, akijibu masharti yale yale kwa mpango ule ule, na kila sharti akiliwekea mfano wake wa kweli. Wasifu aliufupisha ukawa kurasa mbili. Vyeti alivipeleka steshenari vikaskaniwa vizuri, kila kimoja kikawa faili la PDF lenye jina lake kamili, maana faili liitwalo "picha 7" halimwambii msomaji kitu. Wala hakungoja usiku wa mwisho, ambapo umeme wakatika, intaneti yazidiwa na watu, na saa sita ikipiga mlango hufungwa.

Kwa kazi za serikali ya Tanzania, nafasi nyingi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupokewa kwa mfumo wake uitwao Ajira Portal. Mwombaji hujisajili kwa barua pepe na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA yenye tarakimu 20, kisha hujaza habari za elimu yake, uzoefu wake na wadhamini wake, na huambatisha vyeti na barua iliyotiwa sahihi. Matangazo yake husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi badala ya vyeti, na kwamba aliyesoma nje ya nchi ni lazima vyeti vyake vihakikiwe na mamlaka zinazohusika. Pia husema kwamba mwenye kuleta vyeti vya kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Basi afadhali kijana ajaze habari zake humo sasa, kwa utulivu, wala asingoje tangazo litoke ndipo aanze kutafuta cheti cha kuzaliwa.

Wadhamini nao wana haki yao. Usiandike jina la mtu bila kumwomba ruhusa, na ukipeleka maombi mjulishe, ili simu isimkute hakumbuki wewe ni nani.

Zaidi ya hayo, binti alinunua daftari la kawaida, akaandika humo kila ombi: tarehe, kazi, barua aliyopeleka na jibu alilopata. Kila siku asubuhi hutazama barua pepe zake, zile taka pia. Akiitwa kwenye usaili, hulifungua daftari akajua ni nini alichowaambia watu hao.

Jambo la hatari tusilifiche. Katika siku hizo alipata ujumbe wa simu ukisema kwamba amechaguliwa kazi katika kampuni kubwa, na kwamba apeleke shilingi 50,000 za kupimwa afya na kushonewa sare. Sisi tulikwisha kutoa fedha mfukoni! Binti akauliza: "Ami, nimechaguliwaje mahali nisipoomba?" Tukazirudisha. Mwajiri wa kweli hamwuzii mtu kazi. Anayetaka fedha kabla ya kazi, au anayetaka neno la siri la barua pepe yako, au anayekuharakisha usiulize mtu, huyo ni mwizi. Na wale wanaoahidi vijana wetu kazi za Uarabuni, na waulizwe leseni yao, kisha leseni hiyo ipelekwe ofisi ya kazi ya serikali ihakikishwe, kabla ya kumpa mtu hati ya kusafiria ya mtoto.

Mtauliza, je, alipata? Katika muda wa miezi minne alipeleka maombi sita tu. Mawili yakamwita kwenye usaili. La kwanza hakushinda. La pili, walimwuliza juu ya kile kikoba kwa muda wa nusu saa: aligunduaje kosa katika daftari, na alifanyaje mwanachama alipochelewa kurejesha mkopo. Akajibu bila kubabaika, kwa sababu alikuwa akieleza mambo aliyoyafanya kwa mikono yake. Wakampa mkataba wa miezi sita. Si kazi ya kudumu, wala mshahara si mkubwa, na mkataba ukiisha huenda akarudi kwenye daftari lake. Lakini lau angaliandika lile duka letu, katika nusu saa ile angalisema nini?

Mwisho twawageukia wazazi na walezi wenzetu. Kijana anayetafuta kazi kwa mtandao yuko kazini, ijapokuwa ameketi kitandani na simu mkononi. Mpeni fedha ya bando kama wazee wetu walivyotupa sisi nauli. Mpunguzieni kazi za nyumba saa mbili kwa siku, hasa mabinti, ambao aghalabu hutakiwa waandike barua huku wakiangalia chungu jikoni. Wasomeeni barua zao, maana jicho la pili huona kosa. Wala msiwaaibishe mbele ya wageni, kama tulivyofanya sisi.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Barua iliyoandikwa kwa uangalifu na kwa kweli ndiyo kamba yetu ya leo, na riziki iko kwake Mola.

Wa billahi t-tawfiq.