Begi Moja hadi Manyovu

Shule zinapofungwa, mwezi Juni na mwezi Desemba, familia nyingi za mijini hufunga safari kwenda kuwasalimia wazee. Ni jambo la kheri, kwani kuunga udugu ni katika mambo yaliyosisitizwa sana katika dini yetu. Lakini lipo jambo moja linaloonekana dogo, ambalo mara nyingi ndilo huamua kama safari itakuwa ya raha au ya manung'uniko. Jambo hilo ni mzigo. Ningependa, ndugu msomaji, kueleza jinsi nyumba yetu inavyofunga mizigo tunapokwenda Manyovu kwa wazazi wa mume wangu, na yale ambayo nchi ile imetufunza juu ya kubeba na kuacha.

Manyovu iko katika milima ya Uha, mpakani mwa Tanzania na Burundi. Zamani ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Kasulu. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe, Mkoa wa Kigoma. Kutoka Dar es Salaam, reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupita zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kumfikisha abiria ziwani. Kutoka Kigoma mjini unapita Mwandiga, na hapo barabara ya lami huanza kupanda milima kwa kilomita 60 hivi. Ziwa Tanganyika linabaki chini nyuma yako, michikichi inapungua, na mahali pake panashikwa na migomba, mibuni na mashamba ya maharage yaliyolala juu ya miteremko. Hewa hubadilika. Mtu wa pwani aliyezoea kulala dirisha wazi hulifunga mwenyewe bila kuambiwa.

Katika safari ya namna hii abiria hupanda na kushuka mara nyingi: treni au basi kubwa, kisha gari dogo, kisha bodaboda, na mwisho miguu juu ya njia ya udongo mwekundu. Kila badiliko la chombo ni mtihani wa mzigo. Sanduku la magurudumu linalotembea kwa madaha juu ya sakafu ya stesheni hugeuka kuwa jiwe likifika kwenye njia hiyo, hasa mvua inaponyesha. Mwenye mabegi matano huhitaji wachukuzi wawili na macho kumi. Naye mama mwenye mtoto mgongoni hana jicho hata moja la ziada.

Kwa sababu hiyo tuna kanuni moja: kila mtu hubeba begi moja analoweza kulichukua mwenyewe, bila kusaidiwa, kwa mwendo wa robo saa. Mtoto wa miaka saba naye ana lake, dogo, lenye nguo zake na juzuu yake. Usiku wa kuamkia safari kila mmoja hulivaa begi lake mgongoni, tukazunguka nyumba mara tatu. Baada ya mzunguko wa pili watu huanza wenyewe kutoa vitu.

Vinavyobaki ni vichache. Kwa mwanamume, kanzu moja, suruali mbili na mashati matatu. Kwa mwanamke, baibui, magauni matatu na doti mbili za kanga. Kanga ni hazina ya msafiri: ni shuka garini, ni mbeleko, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na ni stara ya kuswalia. Kila mtu hubeba sweta nzito, maana usiku wa Juni na Julai katika milima ile una baridi kali ingawa ni kiangazi. Desemba ni masika kwao, hivyo sweta hufuatwa na viatu vya mpira. Msala wetu ni wa kitambaa chepesi kinachokunjwa kikatoshea mfukoni. Dira ya kibla hatuibebi. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Manyovu, iliyo mbali upande wa magharibi, mtu huielekea kaskazini kisha akageuka kidogo kuliani, kiasi cha nyuzi 20 hivi. Ukijua jua linachomoza wapi umekwisha kuijua kibla, na katika msikiti wowote ulioko njiani utaithibitisha.

Kitu ambacho hakina uzito na hakisahauliki ni kitambulisho. Huo ni mkoa wa mpakani. Abiria huulizwa vitambulisho njiani, na si jambo la kukasirikia wala la kupuuza.

Ukitafakari, sheria yenyewe imempunguzia msafiri mzigo. Swala ya rakaa nne husaliwa mbili. Adhuhuri na Alasiri huweza kukusanywa, na Magharibi na Isha vivyo hivyo. Funga ya Ramadhani huweza kuahirishwa ikalipwa baadaye. Mwenye khofu hupangusa juu yake siku tatu na usiku wake, ilhali mkazi hupewa siku moja tu. Na kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hurudi kusali kikamilifu. Ikiwa ibada, iliyo nguzo, imefanywa nyepesi kwa ajili ya njia, viatu vya jozi ya nne vina hoja gani?

Hata hivyo wepesi una mpaka wake. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakidai kuwa wao wamemtegemea Mwenyezi Mungu, kisha wakifika Makka huombaomba. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara yenye amri ya kuchukua masurufu. Kwa hiyo anayekwenda kwa wakwe na mikono mitupu, akatumia sabuni yao, sukari yao na vocha zao kwa wiki mbili, huyo hajasafiri mwepesi. Amewabebesha wengine mzigo wake.

Hapa ndipo penye hesabu. Sabuni, sukari, mchele na mafuta hatuvitoi Dar es Salaam. Tunavinunua sokoni huko huko, siku ya kwanza. Begi linakuwa jepesi, na fedha inabaki kwa wafanyabiashara wa milimani ambao ni majirani wa wazee wetu. Tunachobeba kutoka pwani ni vile vizuri vyenye uzito mdogo: iliki, karafuu, mdalasini, tende kidogo, doti ya kanga kwa kila mama, na juzuu za watoto wa madrasa. Vyote hukaa ndani ya kikapu kimoja.

Tena nusu ya begi langu huenda tupu. Wenyeji wa Manyovu hawamwachi mgeni aondoke hivi hivi. Siku ya kuaga hutokea maharage, kahawa, ndizi, pengine na chupa ya mawese. Mgeni anayesema kwamba begi limejaa humvunja moyo mzee aliyeyachagua maharage hayo punje kwa punje. Nimejifunza kwamba nafasi iliyo wazi katika begi ni namna ya heshima: unamwambia mwenyeji kuwa ulijua atakupa, na ulitaka kupokea.

Pia hubeba nguo moja kuukuu ya shambani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na katika hadithi tumefundishwa kwamba haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na kwamba haimpasi kukaa hadi akamtia mwenyeji dhiki. Methali na hadithi zimekutana katika siku ya tatu. Asubuhi hiyo ninapotoka na nguo yangu ya kazi, nikasema "mwakeye" kwa mama mkwe na kulishika jembe, uso wake hung'aa kuliko siku niliyompa kanga.

Watu wa nchi hii wanaujua mzigo kuliko sisi. Karne ya 19 njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo iliishia Ujiji, na mpagazi alibeba kiasi cha kilo 30 za mali ya mtu mwingine, juu yake akiongeza mkeka wake mwenyewe. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa Uha waliandikishwa kuwa manamba wa mashamba ya mkonge Tanga; waliondoka na furushi moja, na baadhi hawakurudi tena. Kisha vikaja vita vya jirani. Mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, na tena mwaka 2015, watu wengi walivuka mpaka huu wakaelekea makambi ya Kasulu na Kibondo.

Mama mkwe aliwaona wakipita. Husema kwamba kwa kutazama mizigo yao ungejua mtu alikuwa na muda gani wa kuondoka. Aliyepata saa moja alikuwa na godoro na jembe. Aliyepata dakika chache alikuwa na sufuria. Wengine walikuwa na mtoto tu, na wapo waliotua sufuria njiani ili wambebe mtoto wa mwenzao aliyechoka. Yeye na jirani zake walitoa maji na viazi, maana hapakuwa na la kuuliza. Anaposimulia hayo hana nia ya kutusuta sisi wa likizo. Huwaeleza wajukuu wake nini hubebwa kwanza.

Wajukuu humsikiliza. Safari iliyopita binti yetu alipofungua kibegi chake Kigoma, nilikuta ametoa moja ya magauni yake mawili ya sikukuu bila kuniambia, na mahali pake ameweka sweta yake ya zamani isiyomtosha tena. Nilimwuliza ni ya nani. Akajibu kwamba ni ya mtoto wa shangazi yake, aliyemwona mwaka uliotangulia akitetemeka asubuhi wakienda kuteka maji. Sweta ilibaki Manyovu. Kibegi kilirudi na maharage.