Ngazi za Mgeta na Sahani ya Mtoto

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unafika Sangasanga. Hapo gari huiacha barabara kuu, hukata kushoto kuelekea Mlali, kisha huanza kuipanda Milima ya Uluguru. Mlali bado kuna joto la bondeni. Baada ya hapo barabara hujipinda kama nyoka, abiria huanza kutafuta masweta, na yule mama aliyejisifu kuwa yeye hatapiki safarini huomba akae karibu na dirisha.

Tulikuwa akina mama watano, wote wa kikundi cha huduma cha kanisa letu mjini, na baadhi yetu ni wauguzi. Akina mama wenzetu wa kijiji kimoja karibu na Nyandira, tarafa ya Mgeta, walikuwa wametualika tuzungumze nao juu ya chakula cha watoto wadogo. Tuliona vema kwanza tuyatembelee mashamba yao, kwa sababu huwezi kumfundisha mtu mapishi bila kujua kilichomo ghalani mwake.

Mgeni anayefika Nyandira kwa mara ya kwanza husimama kinywa wazi. Milima imekatwa ngazi kutoka mtoni hadi juu kabisa, kila ngazi ina kijani chake: kabichi hapa, karoti pale, viazi mviringo, njegere, maharage. Katikati hupita vifereji vya maji vilivyoelekezwa kutoka kwenye chemchemi za juu, na maji hushuka ngazi kwa ngazi kama yana adabu. Maji hayo hayo huendelea na safari yake. Mito ya Uluguru huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio tegemeo kubwa la maji ya bomba la Dar es Salaam. Kwa hiyo mama wa Kariakoo anayefungua bomba lake asubuhi ana habari na jembe la mama wa Mgeta, ingawa hawajaonana.

Lakini wapendwa wasomaji, ngazi hizi zina historia chungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, na asiyechimba aliadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, na pale ambapo udongo wenye rutuba ni haba, uchimbaji ulifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo mfu. Mahindi yakadhoofu. Watu wakaona wanateswa kwa ajili ya shamba lisilozaa, wengine wakashuku kwamba wanatayarishiwa kunyang'anywa ardhi. Mwaka 1955 ghasia zikazuka upande wa Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukafa.

Upande wa Mgeta baadhi ya matuta yalibaki. Kwa nini? Hapa kulikuwa na maji ya kumwagilia, na kulikuwa na mboga za kuuza mjini. Tuta lilimlipa aliyelichimba. Sisi tunaona jibu zima limo humo, na wataalamu wanaoendelea kushangaa kwa nini mkulima fulani amekataa "kilimo bora" wangefaa kupita Mgeta kabla ya kuandika taarifa zao.

Mama mwenyeji wetu, mjane wa makamo, alituonyesha jinsi kazi inavyofanyika. Kwanza ni kupima usawa wa mteremko. Chombo chake ni miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Jiwe likitulia kwenye alama, miguu miwili ya chombo iko sawa, basi unapiga mambo na kusogea mbele. Udongo wa juu hutengwa kando kwanza, ngazi hukatwa, kisha udongo ule mzuri hurudishwa juu. Ukingoni hupandwa majani ya kushika udongo, ambayo pia hukatwa kulisha mbuzi. Wenyeji walikuwa pia na njia yao ya zamani: magugu na mabua hulazwa mstari mmoja kukinga mteremko, udongo ukavutwa kwa jembe na kuyafunika, nayo yakioza yanakuwa mbolea. Njia hiyo haimchoshi mtu kama ile ya kukata ngazi kamili, na wengi bado huianza nayo.

"Mvua ya kwanza nililia," alisema. "Nilidhani nimepoteza bure mwezi mzima. Mvua ya pili nikaona udongo umebaki kwangu, wa jirani umeshuka mtoni."

Siku hizi wakulima wa milima hii wameongeza mengine: mboji, matandazo, kubadilisha mazao shambani, kuchanganya jamii ya kunde, na kufukia majani ya alizeti pori. Shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, lililoanzishwa Morogoro mwaka 2011 na Janet Maro pamoja na Alexander Wostry, limefundisha wakulima wengi wa mkoa huu kulima bila dawa za viwandani, na lina duka mjini linalouza mazao hayo. Kuna pia mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe, walioletwa Mgeta katika miaka ya 1980 kwa juhudi za walimu wa kilimo wa Morogoro. Mbuzi anafaa kwenye mteremko kuliko ng'ombe. Hula majani ya ukingoni, hutoa samadi ya ngazi, na maziwa.

Sasa tufike pale tulipoitiwa. Tulidhani kwamba kijiji chenye mboga nyingi namna hii hakina haja ya somo la lishe. Tuliomba kuona kadi za kliniki za watoto waliokuwapo. Kadi kadhaa zilionyesha mstari wa uzito umelala, na watoto wawili watatu walikuwa wafupi kwa umri wao. Nje ya nyumba hizo hizo yalisimama magunia ya karoti yakingoja lori.

Jambo hili si la Mgeta peke yake. Utafiti wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto au zaidi wamedumaa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi! Ghala likijaa, bado kuna safari kutoka ghalani hadi kwenye kibakuli cha mtoto wa miezi minane, na safari hiyo haina lori.

Tuliuliza siku ya mama inavyokwenda. Anaamka alfajiri, anateka maji, anapanda mlimani na mtoto mgongoni, anarudi jua likizama. Mtoto mwingine ameachwa na dada yake wa miaka saba na sufuria ya uji wa mahindi mtupu, uliopikwa asubuhi. Matuta yanahitaji mikono mingi, hasa mwaka wa kwanza, na mikono hiyo mara nyingi ni ya mama. Tuliowahi kukaa katika zahanati za vijijini tunajua kwamba majira ya kulima ndiyo majira ambayo wajawazito hupotea kliniki. Mbinu nzuri ya kilimo inaweza kuongeza magunia na papo hapo kumpunguza mama kilo. Hatusemi haya kuwakatisha tamaa wanaochimba. Tunasema baba naye ashike jembe, na kikundi kichimbe kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kama kikundi hiki cha Nyandira kinavyofanya sasa. Mjamzito hupewa kazi ya kupanda majani ya ukingoni, au hupewa ruhusa ya kukaa nyumbani bila kusengenywa.

Kuna suala la ardhi pia. Waluguru hurithi ardhi kwa ukoo wa mama, hivyo wanawake wengi hapa wana sauti ambayo dada zao wa mikoa mingine hawana. Hata hivyo, mwanamume anayelima kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe husita kukata ngazi za miaka ishirini, akijiuliza ndoa ikivunjika itakuwaje. Mama mmoja alicheka akasema, "Basi na asiivunje!" Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini swali la yule bwana ni la haki, na wajomba wa koo wangefaa kulijibu kwa maandishi.

Katika mazungumzo ya mchana hatukuleta vyakula vya dukani. Tulitumia kilichokuwapo. Karoti ina faida kubwa kwa macho na kinga ya mtoto, lakini mwili unahitaji mafuta kidogo ili kuipokea, kwa hiyo ichemshwe, ipondwe, itiwe kijiko cha mafuta. Maharage yaliyoiva sana hupondwa na kuchujwa maganda. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, uwekwe maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa. Kuanzia miezi sita mtoto anahitaji vyakula hivi juu ya maziwa ya mama, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Tulisema kwa ukali kidogo kuhusu dawa za kunyunyizia mboga, maana tuliona chupa moja chini ya kitanda. Dawa ikae mbali na chumba cha kulala na jiko. Chupa tupu isiwekewe mafuta ya taa wala maji. Mjamzito na anayenyonyesha wasinyunyize. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zihesabiwe kabla ya kuvuna, hata kama dalali anapiga honi barabarani.

Ndipo likaja swali ambalo somo letu halikuwa na jibu lake. Akina mama walikuwa wamekubaliana kwamba kabla gunia la karoti halijashonwa, beseni moja litabaki nyumbani. Binti mmoja mwenye mtoto mchanga akanyoosha mkono. "Mama zangu, mume wangu amekwisha chukua fedha ya dalali. Shamba limeuzwa karoti zingali changa. Beseni nitalitoa wapi?"

Palikuwa kimya. Akajibu bibi mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Alisema kwamba yeye ana tuta lake moja chini ya jiko, upana wa mikeka miwili hivi, ambalo hulimwagia maji ya kuoshea vyombo na halina bei. Dalali akiuliza, humwambia hilo ni la wajukuu. Bwana wake alilalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alimjengea uzio wa kuzuia mbuzi.

Tukaomba kuliona. Lilikuwa na mchicha, karoti, maharage ya kutambaa na vitunguu ukingoni. Yule binti alilizunguka mara mbili, akalipima kwa hatua zake, kisha akamwuliza bibi kama anaweza kumwazima ile miti mitatu na kamba yenye jiwe.