Feni Iliyomkimbia Fundi

Yako maradhi, msomaji mpenzi, yenye tabia ya kumkimbia mganga. Mtu hukesha akikohoa hata jirani wakakosa usingizi, lakini afikapo zahanati asubuhi, kifua chake ni kikavu. Mganga humsikiliza, haoni kitu, naye mgonjwa hurudi nyumbani kwa aibu, kama kwamba alisema uongo. Jioni kikohozi humrudia.

Mitambo nayo ina maradhi ya namna hiyo. Chombo kilichokufa kabisa ni rahisi kukichunguza, maana hakina pa kukimbilia. Kile kifacho na kufufuka ndicho kimtoacho fundi jasho. Nataka kukusimulia habari ya kimoja cha aina hii, nacho ni feni ya hita ya gari.

Yamkini utacheka nikikuambia kwamba gari lenyewe lilikuwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana, nilikokuwa nikifundisha. Nani ahitajiye hita katika nchi ambayo joto la adhuhuri hupita nyuzi 35? Hakika hakuna amwombaye dereva ampashe moto miguu. Lakini hita ya gari ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto kutoka injini hupita ndani yake, na feni huipuliza hewa juu yake. Kwa hiyo joto liwaunguzalo abiria ni joto lililotolewa katika injini. Dereva mwenye gari kuukuu, ambalo rejeta yake kubwa imeziba kwa umri, huifungua hita mpaka mwisho, akashusha vioo vyote, akavumilia. Gari letu lilikuwa la namna hiyo. Feni ilipozunguka, maji hayakuchemka. Iliposimama, sindano ya kupimia joto ilianza kupanda.

Na feni hiyo ilikuwa ikisimama itakapo.

Katika zahanati alikuwako mama mjamzito, ambaye muuguzi alisema sharti afikishwe Lodwar kabla ya siku zake kutimia. Kutoka Lokitaung hadi Lodwar ni mwendo wa zaidi ya kilomita 150, kupitia Kaaleng, katika njia ya mawe, mchanga na malaga makavu. Ugeni wa mahali hapo haukuanza jana: mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwafunga Jomo Kenyatta na wenzake Lokitaung kwa sababu palikuwa mbali na kila kitu. Siku hizi hakuna mfungwa wa namna hiyo, bali kipuri cha gari kingali hakipatikani kwa siku moja. Gari likichemka katikati ya njia, kivuli ni cha mgunga mmoja, na maji ni yale uliyoyabeba. Tulikuwa na siku mbili za kujiandaa.

Kijana mmoja fundi aliitwa. Alipowasha feni, ilizunguka vizuri. Aliizima na kuiwasha mara kumi, ikamtii mara kumi. Watu waliokuwa wamesimama hapo walisema gari limepona. Hapa ndipo nilipopendezwa na dereva wetu, mzee wa maneno machache. Alisema, "Kijana wangu, usilitibu likiwa zima. Ngoja liugue."

Mzee huyo alikuwa amekwisha kulichunguza kwa njia yake. Kwa juma zima aliweka kijidaftari kando ya usukani, na kila feni iliposimama aliandika: mahali, saa, na kasi ya feni. Ilikuwa imesimama mara saba. Mara sita gari lilikuwa limetoka kutikisika, ama katika laga ama juu ya mawe. Juu ya lami iendayo Kakuma haikusimama hata mara moja. Tena iliposimama, ilisimama katika kasi zote, ndogo na kubwa.

Tazama jinsi maandishi hayo machache yalivyowatoa washtakiwa mmoja mmoja. Fyuzi ikiungua haijifufui, kwa hiyo fyuzi haikuungua. Kile kidude kipunguzacho umeme ili feni iende polepole, aghalabu kikiharibika huua kasi ndogo na kuiacha ile kubwa. Hapa zilikufa zote pamoja, basi nacho kiliachiliwa. Wakabaki swichi, viungo vya waya, na mota yenyewe, ambayo vipande vyake vya kaboni vikilika huweza kugusa leo na kesho visiguse.

Tulilipeleka gari katika mawe ya karibu, na feni ikasimama. Kijana alichomoa plagi ya mota upesi, akagusisha balbu ndogo yenye nyaya mbili. Balbu iliwaka. Akasema, "Mzee, umeme unafika. Mota ndiyo iliyokufa. Nunueni nyingine."

Maneno yake yalikuwa na mantiki, na wengi wangaliyakubali. Lakini mzee alimwambia airudishe plagi mahali pake, kisha aiguse kwa nyuma kwa nyaya zile zile, mota ikiwa imeungwa. Safari hii balbu ilitoa wekundu hafifu kama kaa linalozimika.

Hapa, msomaji, chukua kalamu. Mwaka 1827 Georg Ohm alitangaza kanuni unayoifundishwa darasani, ya volti, mkondo na ukinzani. Tuseme kiungo kilicholegea kina ukinzani wa omu 2, na betri ni ya volti 12. Balbu yenye ukinzani wa omu 30 huhitaji mkondo mdogo sana. Kiungo kile huinyang'anya robo tatu tu ya volti, nayo huwaka kana kwamba hapana kasoro. Lakini mota, tuseme ukinzani wake ni omu 1.2, hutaka mkondo mkubwa. Piga hesabu: itabakiwa na volti 4.5, nayo haigeuki. Mlango mwembamba humpitisha mtoto bila shida; aliyebeba mzigo ndiye akwamaye. Balbu ya kijana ilisema kweli, ila iliulizwa swali dogo kuliko kazi ya mota.

Basi umeme ulipotelea njiani. Mzee aliufuata waya wa mota urudishao umeme kwenye bodi ya gari, akaukuta umefungwa kwa boliti chini ya dashibodi, chini ya vumbi la miaka. Aliutikisa kwa kidole, feni ikavuma. Akauacha, ikanyamaza. Boliti ilikuwa imelegea, na chuma chini yake kilikuwa na kutu. Aliifungua, akakisugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akaikaza. Kazi ya robo saa. Kisha walirudi pamoja katika mawe yale yale, wakapita mara tano, kijana akiwa ameinama miguuni pa abiria akisikiliza.

Tuliondoka kesho yake alfajiri. Feni ilivuma njia nzima, ikatupulizia hewa ya tanuru miguuni, na jasho likatutiririka wote. Tulipopita Kaaleng, yule mama aliniuliza, "Mwalimu, jua la nje halimtoshi mzee?" Nilipomweleza alicheka, akajifunika kitambaa chenye maji usoni, akasogeza miguu kando. Sindano ya joto haikupita katikati. Tuliiona mikoma ya mto Turkwel kabla ya saa tisa, na mtoto, msichana, alizaliwa Lodwar siku ya tatu.

Kijana yule fundi aliomba lile daftari alinakili. Mzee alimpa jipya, tupu.