Ganda Lililogoma

Baba mkwe wangu anaishi Pennsylvania, Marekani, kwenye nyumba yenye gereji ambayo sijawahi kuona gari likiingia. Humo ndimo anamojazia risasi zake za kuwindia kulungu. Anachukua maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, anayabana kwenye mashine ili yarudie umbo lake, halafu anaweka fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi. Kwa wawindaji wengi wa kule ni jambo la kawaida tu. Siku ya kwanza tulipoonana aliniambia nimwite kwa jina lake. Nilishindwa. Mimi mtoto wa Tanga nitamwitaje mkwe kwa jina? Namwita Baba, naye ameshazoea.

Msimu wa bunduki huko hufunguliwa Jumamosi baada ya Siku ya Shukrani. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tulipomkuta gerejini amekasirika. Risasi zake mpya zilikuwa zinaingia kwenye chemba, lakini komeo la bunduki halitaki kushuka. Akalisukuma kwa kiganja mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halikushuka.

“Bunduki imezeeka,” akasema.

Mume wangu akanitupia jicho. Tangu mama mkwe afariki, amekuwa akisema mzee aachane na mambo ya baruti. Anasahau jiko likiwaka, anasahau funguo. Sasa hii.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi imenifundisha kutomtia mtu hatiani kabla ya kuuliza maswali. Nikamwomba Baba tuchunguze pamoja. Tukaziweka kando risasi zote zenye baruti, tukabaki na maganda matupu. Nilichopenda ni kwamba ganda limeumbwa kama mtu: lina mdomo, shingo, bega, mwili na kitako. Basi swali likawa rahisi: huyu mgonjwa anaumwa wapi?

Kwanza tulichukua ganda lililokwisha kupigwa na bunduki hiyo hiyo, ambalo bado halijabanwa. Likaingia, komeo likashuka lenyewe. Kumbe chemba haina tatizo. Tukachukua lililobanwa. Likagoma. Yaani ganda lililokwenda kutibiwa ndilo lililorudi na ugonjwa!

Pili, urefu. Bunduki yake ni ya .30-06, na ganda lake halitakiwi kuzidi inchi 2.494, yaani milimita 63.35. Likizidi, mdomo unagota mbele ya chemba. Tulipima matano, yote yalikuwa chini ya hapo. Shingo nazo hazikuwa na kosa. Alikuwa amezipaka mafuta kwa ndani, maana shingo kavu huvutwa na kile kitufe cha kupanulia kinapotoka, na bega huvutwa pamoja nayo.

Tatu, tukalipaka ganda wino mweusi, tukalisukuma taratibu kwenye chemba na kulitoa. Wino ulikuwa umefutika begani tu. Baba akaleta kipimo chake, akapima kutoka kitako hadi bega. Ganda lililobanwa lilikuwa refu kuliko lisilobanwa, kwa karibu milimita 0.1.

Nilidhani amekosea kusoma. Kubana kunarefushaje? Akanieleza kwa mikono, nami nikaelewa kwa ugali: ukilibana tonge ubavuni, linachomoza juu ya ngumi. Kalibu ilikuwa inaubana mwili wa ganda, lakini haikushuka vya kutosha kulifikia bega na kulirudisha chini. Shaba ikakimbilia ilikoona nafasi.

Tukaitazama kalibu. Nati inayoishikilia ilikuwa imelegea, na kalibu imepanda.

“Nani ameigusa?” nikauliza, halafu nikatamani kulirudisha swali mdomoni.

Baba alikaa kimya. Akafungua daftari la gerejini. Kurasa zote zilikuwa za mwandiko wa mama mkwe: tarehe, kipimo cha baruti, kalibu ilivyofungwa. Yeye alikuwa akipima, mkewe akiandika. Baada ya mwandiko ule kukoma, kurasa zilikuwa tupu. “Niliifungua kuisafisha kiangazi,” akasema hatimaye. “Nadhani niliirudisha kwa macho tu.”

Hesi ya kalibu ina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mzima unaishusha karibu milimita 1.8. Sisi tulihitaji milimita 0.15: kiasi cha mshale kutoka saa sita hadi saa saba. Tukaenda kidogo kidogo, kila hatua na ganda jipya, mpaka bega likawa chini ya lile lililopigwa kwa milimita 0.05. Komeo likashuka. Nilitaka tuzungushe zaidi kwa usalama, akanishika mkono. Bega likirudishwa mno, ganda hunyooka kila linapopigwa, shaba hukonda karibu na kitako, na siku moja linakatika, gesi ya moto imrudie mpigaji. Hilo hakuwa amelisahau.

Jioni mume wangu aliuliza tumeona nini. Ningeweza kusema nati ililegea, na ingekuwa kweli nusu. Nilimweleza yote, mbele ya Baba. Wakabishana, tena kwa sauti. Mwisho walikubaliana kwamba risasi zile zifunguliwe zote, na kuanzia sasa hajazi peke yake. Baba alikubali kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu, na sitajidai kwamba haikuniuma.

Asubuhi yake alinigongea mlango, daftari mkononi. Hakusema mengi. Alinitajia tarehe, kisha akasubiri niandike.