Twiga wa Florida kwa hela ya kibubu

Kama unataka kupima uimara wa ndoa yako, usisubiri maneno ya mawifi. Mwambie mwenzako mna dola 850, mnataka kwenda Disney World, mko watu watano. Halafu kaa pembeni usikilize.

Sisi tulikuwa watano kweli. Mimi, Baba Baraka, Baraka mwenyewe ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, mdogo wake Zuhura, na mama yangu mzazi aliyetua Atlanta Novemba 2022 akitokea Pangani, na sanduku limejaa dagaa na kanga. (Kwa msiojua, kurasa hizi nazihariri nikiwa huku, usiku mkubwa, wakati Dar ndiyo kwanza kunapambazuka.) Mama alikuwa arudi nyumbani Aprili. Baraka naye alikuwa ameahidiwa kasri la Mickey tangu akiwa darasa la kwanza, na watoto wa siku hizi ukiwaahidi kitu ni kama umesaini mkataba.

Kuanzia Agosti tulikuwa tunatumbukiza dola 25 kila wiki kwenye kibubu. Kibubu chenyewe si cha udongo, ni kopo la maziwa lenye tundu juu, lakini kazi ni ile ile. Mwisho wa Januari tukalipasua na kukuta 650. Zilipungua 200. Na 200 zilikuwepo, tatizo zilikuwa na jina. Zilikuwa ni hela za mabati ya nyumba ya mama Pangani, ambayo chumba chake cha uani kilikuwa kinavuja, na masika hiyo inakuja.

Hapo ndipo kikao kilipoanza.

Baba Baraka alisema bati kwanza. Mimi nikasema mama ana miaka 68, visa alihangaika nayo miezi, na sijui kama atakuja tena. Akasema paa halisubiri. Nikasema hata mama hasubiri. Tulilala tumegeuziana migongo siku mbili, sio siri. Siku ya tatu akaniambia sawa, zichukue, lakini Juni tuzirudishe, na mama asijue. Hilo la mwisho tulikubaliana haraka mno, na ndilo lililotugharimu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua wengi mmefungua ukurasa huu kwa ajili hiyo. Kwanza, watu hudhani Disney World ni uwanja mmoja wa michezo, kama sabasaba hivi, unaingia getini na kumaliza vyote. Si hivyo. Ziko bustani nne, kila moja na geti lake na tiketi yake ya siku. Magic Kingdom, ile yenye kasri, ndiyo kongwe, ilifunguliwa 1971. EPCOT ikafuata 1982, Hollywood Studios 1989, na Animal Kingdom 1998. Tiketi ya mtu mzima ya siku moja inazidi dola 100, na bei inapanda na kushuka kulingana na tarehe. Sikukuu na likizo za shule ndiyo utakabwa koo.

Pili, umri. Chini ya miaka 3 ni bure. Kuanzia 3 hadi 9 unalipa bei ya mtoto, ambayo nafuu yake ni ya dola chache tu, usiitegemee. Kuanzia miaka 10 wewe ni mtu mzima, uwe mwanafunzi wa darasa la tano au uwe bibi yake. Zuhura alikuwa atimize miaka 3 tarehe 11 Machi. Kwa hiyo safari yetu haikupangwa na likizo wala mshahara, ilipangwa na keki ya Zuhura. Tukachagua Jumatano, tarehe 8 Februari 2023, siku isiyo na sikukuu wala mwisho wa wiki. Baraka alikosa shule siku tatu. Mwalimu wake niliandikia barua ya heshima, na sikujuta.

Wakati ule ilibidi pia uweke nafasi ya siku na bustani kabla ya kwenda. Tangu Januari 2024 tiketi za kawaida zenye tarehe hazihitaji tena hilo, kwa hiyo ninyi mtakaofuata mna bahati.

Tiketi nne zikala zaidi kidogo ya dola 450. Ukizigeuza kuwa madafu, kwa wakati ule, ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 1. Mimi sikuzigeuza. Ushauri wangu kwa Mbongo yeyote anayesafiri: ukishaamua, acha kugeuza, utakufa na presha.

Ikabaki swali la bustani ipi, kwa sababu hela ilikuwa ya siku moja tu. Baraka alitaka kasri. Mimi nikataka Animal Kingdom, kwa sababu ya mama. Baba Baraka alinitazama kama nimechanganyikiwa. "Yaani tutoke Tanzania, tuje Marekani, tulipe tukaangalie twiga?"

Bwana, hebu fikirieni. Mama amezaliwa Pangani, akaolewa Pangani, na mbuga ya Saadani iko pale pale kusini kwao. Lakini hajawahi kuingia mbugani. Simba anawasikia kwenye habari za mbuzi walioliwa. Tembo anamjua kwenye noti. Nauli ya kwenda mbugani haikuwahi kupatikana, na hata ingepatikana ingepelekwa kwenye ada zetu. Nilipomwambia hivyo Baba Baraka alinyamaza, akaenda kumweleza Baraka mwenyewe kwamba kasri limeahirishwa. Mtoto alilia. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya gharama.

Kutoka Atlanta hadi Orlando ni kama kilomita 700, zaidi kidogo ya Dar hadi Arusha. Ndege kwa watu watano ilikuwa ndoto, tukaenda kwa gari letu. Tulilala Kissimmee, mji wa jirani, ambako moteli za bei nafuu zimejipanga kando ya barabara kama vibanda vya chipsi. Chumba cha vitanda viwili, chenye friji na maikrowevu, ndicho mnachotafuta. Moteli yetu, ambayo sitaitaja, ilitupiga mahali. Tulipofika mapokezi tukaambiwa kuna ada nyingine ya kila siku ambayo wakati wa kulipia hatukuiona. Dola 24 zikaondoka hivi hivi kwa siku mbili. Kabla ya kulipa, pigeni simu muulize jumla kamili, na mmuandike jina aliyewajibu.

Chakula ndipo tulipookoa hela kweli. Disney wanaruhusu uingie na chakula chako, ili mradi huna chupa za vioo wala pombe. Mama hali nyama asiyojua imechinjwaje, kwa hiyo tangu mwanzo tulijua tunabeba. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa macho, mama anakunja maandazi kwenye kitambaa, mimi napanga chapati na mayai ya kuchemsha. Pilau lilikuwa kwenye hotipoti. Mlangoni askari wa ukaguzi alifungua hotipoti, harufu ikamgonga, akaita mwenzake. Niliogopa tunarudishwa. Kumbe walikuwa wanataka kujua kilichomo. Maji ya baridi ya kunywa pia hayanunuliwi. Nenda kwenye vibanda vyao vya chakula cha haraka, omba kikombe cha maji yenye barafu, unapewa bure. Kigari cha Zuhura tulitoka nacho nyumbani, cha kukodi kina bei yake. Na maegesho yanalipiwa kwa gari, si kwa kichwa, hivyo mkiweza kubanana, bananeni.

Tuliingia geti lilipofunguliwa, tukaupita ule Mti wa Uhai wenye urefu wa mita 44 na wanyama zaidi ya 300 waliochongwa kwenye shina, tukaelekea Afrika. Ndiyo, Afrika ni mtaa mle ndani, na kijiji chake kinaitwa Harambe. Wabunifu wake walikwenda kuitazama Lamu kabla ya kukijenga. Kuta za chokaa zilizochubuka kwa makusudi, milango ya mbao, vichochoro. Mama alisimama katikati, kanga mabegani kwa ajili ya baridi ya asubuhi, akaanza kusoma kuta kwa sauti.

"Tamu Tamu. Hoteli Burudika. Kusafiri." Akafika kwingine. "Dawa Baa? Ni famasi au ni baa?" Ni baa. Halafu akaligeukia jina la kijiji. "Harambe. Harambee ya Kenyatta ina e mbili, hawa moja wameipeleka wapi?" Watu walikuwa wanatupita kwa mamia, wanapiga picha, na katika wote wale nadhani alikuwa peke yake anayesoma. Kwenye ukuta mmoja pameandikwa UHURU, na mwaka, 1961. Pale hakutania. Alisema mwaka ule yeye alikuwa mtoto, na marehemu babu alimbeba begani.

Mapaa nayo hakuyaachia. "Haya si makuti, haya ni nyasi." Na alikuwa sahihi. Waliyaezeka mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Mimi niliposikia mama ameanza habari za mapaa, moyo ulinipasuka. Baba Baraka akajifanya anafunga kamba za viatu.

Safari yenyewe inaitwa Kilimanjaro Safaris. Mnapanda lori la wazi, hakuna malipo zaidi ya tiketi ya getini, na haina masharti ya urefu kwa watoto, hata Zuhura alipanda. Wahini asubuhi, wanyama wanakuwa hawajakimbilia kivuli. Dereva, kijana wa Kimarekani, akasema "Jambo!" Lori zima likajibu jambo. Mama akajibu, "Sijambo mwanangu, za kwenu? Wazee hawajambo?" Kijana akacheka, akasema asante sana, Kiswahili kikaishia hapo. Mibuyu mingine ni ya zege, mama aliigundua kabla sijamwambia. Lakini twiga walikuwa twiga, na mmoja alikatisha mbele yetu lori likasimama. Tembo akafuata, na mtoto wake. Simba dume alikuwa amelala juu ya mwamba, kichwa juu, kama anasubiri chai.

Mama hakusema neno. Alinishika mkono, akaushika hadi lori liliporudi kituoni. Tukapanga foleni tena, tukazunguka mara ya pili.

Mchana nitaupitisha haraka. Onyesho la Lion King nalo limo ndani ya tiketi, na watoto walilipenda. Ingawa mama aliuliza hiyo hakuna matata inasemwa wapi, kwa sababu Pangani wao wanasema hakuna neno. Kwa wenye watoto wadogo, kuna utaratibu mzuri kwenye treni za kupanda na kushuka: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila kuanza foleni upya. Hailipiwi, muombe mhudumu pale mlangoni. Baraka alipewa dola 20 zake kwenye bahasha, anunue anachotaka na asituombe tena. Alichotaka kilizidi dola 20. Akamfuata bibi yake amkopeshe. "Utalipa lini?" bibi akauliza. Baraka akarudisha mdoli kabatini.

Asubuhi yake tulikuwa barabarani tunarudi. Tumeshaingia Georgia, mama anamsimulia Zuhura habari za tembo, Baraka akadakia kutoka nyuma: "Bibi, ulifurahi eeh? Baba alisema tumetumia hela ya bati lako."

Gari lilinyamaza. Baba Baraka akakodoa macho barabarani kama anaendesha fuso la mizigo. Mama naye alitazama nje, miti inapita tu. Tulipofika karibu na Macon tulisimama kujaza mafuta, na mkwewe aliposhuka ndipo akaniambia, taratibu, "Mngeniuliza."

Nikamwambia, "Ungesema nini, mama?"

"Ningesema msiende." Akafunga kanga vizuri. "Ndiyo maana hamkuniuliza. Lakini mngeniuliza. Bati ni langu."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nilimuomba radhi pale pale kituo cha mafuta, na jioni Baba Baraka naye akamuomba, kwa adabu zote za mkwe. Tulipofika nyumbani alitaka karatasi ya matumizi, akaisoma mstari kwa mstari, akauliza ile dola 24 ya moteli ni ya nini. Hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko zote.

Masika ya mwaka ule sufuria mbili zilikaa chini ya lile tundu la chumba cha uani. Mabati yalipanda Juni, kama tulivyoahidiana, na fundi alipigiwa simu ya picha na mama mwenyewe akamsimamia ndiye aliyekuwa chini ya mwembe. Majirani wakimuuliza habari za Marekani anawaambia ameona simba. Wanamcheka. Anawaonyesha picha.

Kopo jipya la maziwa liko juu ya friji. Baraka bado anadai kasri, na Zuhura sasa analipiwa.